Bonge Amelala

Jumatatu asubuhi jengo lile hufurika watu: wenye mafaili, wenye mizigo, wenye watoto mgongoni, na wale wasio na shughuli yoyote ila kuuliza bei na kuondoka. Siku hiyo wote walikuwa wamejazana mbele ya lifti, na lifti ilikuwa imebandikwa kipande cha boksi: MBOVU. TUMIA NGAZI.

Bonge alilisoma tangazo mara mbili. Duka lake la ushonaji lilikuwa ghorofa ya tano. Begani alikuwa na mfuko wa vitambaa, na mwilini gauni la pamba la buluu, la mikono mipana, alilokwisha kulipunguza kiunoni mara tatu kwa mkono wake mwenyewe. Kichwani alifunga kilemba cha njano, cha kusimama juu, maana nywele nazo siku hizi zilikuwa zinamtoroka.

"Haya," akajiambia. "Ngazi hazijawahi kumla mtu."

Zikamla kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Magoti hayakuuma, magoti siku hizi yalikuwa mazima. Nguvu tu ndiyo iliyokwisha, ghafla, bila hata kuaga. Akaketi palepale katikati ya ngazi, mfuko mapajani, watu wakawa wanampita kushoto na kulia huku wakimtazama kwa huruma ya bure. Bonge akawatazama vilevile mpaka wakaona aibu wao.

Kutoka juu akashuka mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa ovaroli ya kijivu iliyolowa mafuta hadi viwikoni, na sanduku la vifaa mkononi.

"Samahani dada, naomba njia."

"Pita. Nimekuziba?"

"Umeniziba kidogo."

"Basi ruka."

Mwanamume akacheka. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimechoka. Kuna sheria inayokataza mtu kuchoka?" Bonge akaliona lile sanduku. "Ala! Kumbe ni wewe uliyeifunga lifti?"

"Imejifunga yenyewe. Mimi naibembeleza tangu alfajiri, inanuna tu."

"Basi huna maneno matamu."

"Ninayo, ila lifti haisikii. Nikubebee mzigo?"

"Usiuguse."

"Nikuitie mtu?"

"Bwana wee, si nimekwambia siumwi!"

Mwingine angeondoka. Huyu aliliweka sanduku chini, akaketi ngazi moja chini yake, akanyoosha miguu yake mirefu. "Basi na mimi nimechoka," akasema.

Wakakaa. Hakumpepea, hakumpa pole, hakumwambia habari za shangazi yake aliyeanza hivihivi. Baada ya muda akauliza, "Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi. Cherehani."

"Na mimi fundi. Mafundi wawili tumeketi, kazi zinatungoja juu na chini."

"Zingoje," Bonge akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

Tangu siku hiyo hawakuitana kwa jina lingine. Yeye alikuwa fundi, na yule alikuwa fundi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu uchovu huo. Bonge alipewa jina hilo tangu shuleni, akalipokea, akalivaa, akaliandika kwenye kibao cha duka: BONGE MITINDO. Aliwashonea wanawake wakubwa nguo zilizowafanya watembee katikati ya barabara. Lakini magoti yaligoma, sukari ikapanda, usingizini pumzi zikawa zinakatika. Akapiga moyo konde, akaenda hospitali. Miezi minne kabla ya siku ile ya ngazi, madaktari walikuwa wamekata sehemu kubwa ya tumbo lake la chakula na kumwachia kipande chembamba, chenye umbo la ndizi. Tangu hapo alikunywa maji kidogo kidogo, alikula vijiko vichache akashiba, alimeza vidonge vya kuongeza damu, na kila mchana uchovu ulimjia ukamlaza upendapo wenyewe. Aliyejua yote hayo ni mdogo wake wa kike, aliyeshona naye dukani.

Si kwamba alificha kwa aibu. Aliapa. Fundi lifti alipoanza kuja dukani na maswali, alimwambia kinagaubaga.

"Fundi, tukubaliane jambo moja. Niulize chochote, ila usiniulize habari za mwili wangu."

"Kwa nini?"

"Unaona? Umeshaanza." Akaweka mkasi mezani. "Nilipokuwa mnene, kila mtu alikuwa daktari wangu. Muuza mboga, mlinzi, hata mtu niliyekanyagana naye kwenye foleni: acha hiki, kula kile, kimbia asubuhi. Sasa nimepungua, ni walewale: unaumwa nini, nani kakutesa, rudisha mwili. Nimeapa, sitamweleza mtu mwili wangu tena."

"Sitauliza," akasema fundi lifti, na akalishika neno lake.

Mapenzi yakaja taratibu, kwa mwendo anaouweza mtu aliyechoka. Mchana simu ilikuwa inalia.

"Haloo, fundi."

"Sema, fundi wangu."

"Uko wapi?"

"Nimenasa ghorofa ya nane kwenye jengo la watu. Wewe?"

"Nimelala juu ya meza ya kukatia."

"Usije ukakatwa."

"Atakayenikata bado hajazaliwa. Lete supu."

Supu ikaletwa. Bonge akanywa vijiko vitatu, fundi akamaliza bakuli, akalamba na kijiko. "Ukiendelea hivi," Bonge akamtania, "nitakushonea nguo ya saizi yangu ya zamani."

"Nishonee, mpenzi. Nitaingia na wewe humohumo."

Mdogo mtu nyuma ya cherehani akaangua kicheko mpaka uzi ukakatika.

Siku fundi lifti alipompeleka kwa mama yake, Bonge alivaa gauni la zambarau lenye kola ya wima na hereni ndefu. Mama alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene wa sauti nzito, aliyekuwa akijisifu kwamba amezalisha nusu ya mji. Alikuwa amepika tangu asubuhi. Akapakua wali ukawa kilima, na kuku juu yake.

"Kula, mwanangu. Kwangu hakuna haya."

Bonge angesema ukweli. Angesema, mama, tumbo langu ni dogo. Lakini kiapo ni kiapo, na adabu ya ugenini nayo ina nguvu zake. Akala haraka kuliko alivyoruhusiwa, akazidisha vijiko vitano. Jasho likamtoka. Akaomba msamaha, akakimbilia msalani, akatapika yote. Aliporudi aliketi kwenye kochi ajipumzishe kidogo tu, akasinzia na hereni zake.

Akiwa usingizini simu yake ikalia. Mkunga akaipokea ili isimwamshe mgeni, na kabla hajasema neno, sauti ya mdogo mtu ikasema, "Dada, usisahau kumeza vidonge vya damu, na kesho una kliniki."

Ilikuwa kliniki ya waliopasuliwa tumbo, ya kupimwa damu na kuulizwa umekula nini. Lakini mwambie mkunga neno kliniki uone kama atawaza jingine! Mwanamke anatapika, anakimbia harufu ya chakula, analala mchana, anameza vidonge vya damu, na kesho ana kliniki. Mkunga akaiweka simu chini polepole. Usiku ule mgeni alipoondoka, alimwita mwanawe jikoni.

"Ana mimba. Ni yako?"

Mwanawe akatikisa kichwa. Yeye na Bonge hawakuwahi kulala pamoja, wala hawakuwa wamekaribia. "Si yangu, mama."

"Basi anakutafutia ubaba. Mimi nimemaliza."

Siku mbili fundi lifti hakupiga simu. Ya tatu akapiga, sauti imekauka.

"Mama ameijua hali yako," akasema.

Bonge akaketi wima. Akadhani mdogo wake ametoboa siri ya upasuaji. "Aha. Sasa?"

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Na sijutii."

"Ulitaka nijue lini? Mpaka ionekane?"

"Si inaonekana tayari? Kila mtu mwenye macho anaiona!"

"Kwa hiyo mimi tu ndiye mjinga. Na hukuona vyema kunieleza?"

"Mwili ni wangu. Uamuzi ulikuwa wangu. Sikumwomba mtu ruhusa, na sitamwomba mtu msamaha."

"Basi sikiliza." Pumzi ikasikika kwenye simu. "Nakupenda, Mungu anajua. Lakini siwezi kubeba mzigo usio wangu."

Bonge akabaki na neno moja tu. Mzigo. Kumbe ndivyo alivyomwona muda wote, pale ngazini, pale mezani, na vijiko vyake vitatu: mzigo wa kubebwa.

"Hujaombwa kubeba," akasema. "Nilikwambia siku ya kwanza usiuguse. Kwaheri, fundi."

Akakata simu, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na katikati ya kulia akalala, maana hata kulia kunataka nguvu.

"Dada, mfuate mkaelewane," mdogo wake akamwambia kesho yake, na Bonge, aliyechoka hata kugomba, hakumuuliza habari ya siri kutoboka.

"Siendi."

"Unampenda."

"Nampenda sana. Siendi."

Mwezi ule ulikuwa mgumu. Kuna siku alikata kitambaa kinyume kwa sababu macho yalimwelemea. Kuna siku alipanda kitandani na viatu. Mchana akilala nyuma ya pazia, mdogo wake alikuwa anawadanganya wateja: "Ametoka kidogo, ameenda kununua vifungo." Bonge alisikia uongo huo kila siku akauacha upite, mpaka alipokuja mteja wake wa miaka mingi, meneja wa hoteli, mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye mdomo usiojua mlango.

"Vifungo gani kila siku?" meneja akapaza sauti. "Semeni tu ameringa. Bonge wetu katusaliti! Alikuwa mwenzetu, sasa kawa mwembamba, tena watu wanakisia kapita njia ya mkato, kakatwa."

Pazia likafunguliwa kwa nguvu. Bonge akatoka na kilemba kimeenda upande, alama ya mto shavuni.

"Mkato?" akasema. "Njoo uupite basi, tuone kama ni mfupi. Maji nakunywa kwa kijiko. Nywele zangu zinabaki kwenye kitana. Nikishona magauni mawili, la tatu linanishona mimi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, dada yangu."

"Mimi nilikuwa natania..."

"Hukutania. Sikiliza. Sikuukimbia unene. Niliupenda, nikauvalisha vizuri kuliko mtu yeyote mji huu, na wako bado nitauvalisha. Magoti yaligoma, sukari ikapanda, nikachagua kuishi. Sikuona haya nilipokuwa mkubwa, na sitaona haya nikilala mchana." Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, vifungo basi! Mtu akiniuliza, sema amelala. Asiyetaka kungoja aende kwingine."

Akalivuta kochi kutoka nyuma ya pazia, akaliweka katikati ya duka, mbele ya kioo, akajilaza mbele ya macho ya meneja. Meneja akaikumbatia pochi yake. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Gauni langu la sherehe nije lini?"

"Wiki ijayo," Bonge akajibu, macho yamefungwa.

Kiapo chake kilikuwa kimevunjika, na ajabu ni kwamba hakuona pengo lolote. Aliona wepesi.

Siku chache baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia mkunga mstaafu, anahema, ana kikapu mkononi. Bonge alikuwa kochini. Akainuka kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, kaa, usisimame." Mkunga akamkagua kuanzia kichwani, macho yakatua tumboni, yakakataa kuondoka. "Mwanangu, wewe na kijana wangu hamkuachana vizuri. Lakini nimekuwa silali. Hata kama si mjukuu wangu, mimba inayomchosha mtu kiasi kile inatisha. Nikasema nije nikupime shinikizo la damu. Una miezi mingapi?"

"Ya nini, mama?"

"Ya mimba."

Mdogo mtu akaacha kukanyaga cherehani. Bonge akamtazama mkunga, akatazama kikapu chenye kipimo, na maneno yote ya simu ile yakamrudia, moja baada ya jingine. Hali yako. Mpaka ionekane. Mzigo usio wangu. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi, mpaka ikabidi alale tena.

"Mama! Nimekatwa tumbo! Limebaki kama ndizi. Wali wako tu ulikosa nafasi, mtoto angekaa wapi?"

"Mtoto hakai kwenye tumbo la chakula," mkunga akasema kwa ukali wa kazi, kisha ukali ukamwishia. Akaketi juu ya marobota ya vitambaa. "Hakuna mimba?"

"Hakuna."

"Na kliniki?"

"Ya upasuaji."

"Yarabi." Mkunga akajipiga paji la uso. "Nusu ya mji nimezalisha, na hapa nimezalisha fitina." Akainua kidole. "Lakini na wewe! Mficha uchi hazai. Ungesema neno moja pale mezani ningekupakulia kijiko."

"Mwanao angeuliza neno moja, ningemjibu. Aliamini tu."

"Ulimwambia asiulize habari za mwili wako. Alinieleza. Asingekutii ungemfukuza, amekutii unamlaumu. Afanye lipi?"

Neno hilo lilimchoma Bonge kwa sababu lilikuwa kweli.

"Usimwambie kitu, mama," akasema mwishowe. "Hili ni langu."

Mkunga alipotoka, Bonge akachukua simu. Iliita mara moja tu.

"Fundi?" Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu aliyekaa na simu mkononi mwezi mzima.

"Njoo dukani. Leo uliza."

Alifika anahema, ovaroli imefungwa vifungo juu chini, chini juu. Mdogo mtu akakumbuka ghafla kwamba ana safari, akawaachia duka. Fundi lifti akaketi sakafuni karibu na kochi.

"Nianze na lipi?"

"Lile ulilolimeza."

"Mtoto ni wa nani?"

"Hakuna mtoto. Endelea."

Akamkodolea macho. "Hakuna?"

"Swali lingine."

"Basi... kwa nini unachoka hivi?"

Bonge akamweleza. Magoti, sukari, kisu, ndizi, maji ya kijiko, kliniki. Fundi akasikiliza bila kumkatiza, na Bonge alipofika kwenye neno mzigo, fundi akaufunika uso kwa mikono.

"Nilikuwa nasema mtoto wa mtu. Wewe ukasikia..."

"Nilisikia mimi ndiye mzigo."

"Mungu wangu. Nisamehe, fundi. Nisamehe sana." Akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, akajipaka mafuta shavu zima.

"Na mimi unisamehe, nilikufunga mdomo. Lakini sijamaliza." Sauti ya Bonge ilikuwa imeanza kupungua, akaisukuma. "Daktari anasema nguvu zitarudi. Hasemi lini. Labda zote, labda nusu. Tukienda matembezi nitaketi katikati ya njia. Utaniambia neno tamu nitasinzia kabla hujalimaliza. Na watu wataniita mvivu, wataniita mgonjwa, wataniita aliyejitakia. Mimi nimeshajua nitawajibu nini. Wewe utawajibu nini? Maana mara ya kwanza uliambiwa neno juu yangu, ukalinunua."

Fundi akafikiri. "Nataka kukuoa," akasema.

"Sikukuuliza hilo."

"Najua. Ndilo ninalolijua kwa sasa."

Bonge akamtazama, shavu la mafuta, macho mekundu, ovaroli iliyofungwa hovyo. Moyo ulikuwa unampiga, lakini kope zilikuwa zimeshafika mwisho wa safari.

"Nitakujibu nikiamka," akasema, akajigeuza upande, akafumba macho.

Fundi hakunung'unika. Akamvua viatu, akavipanga chini ya kochi, akabaki palepale sakafuni. Duka likatulia. Ndipo mlango uliposukumwa kwa kishindo.

"Bonge yuko wapi?" Alikuwa meneja wa hoteli, kucha zimepakwa rangi, kichwa kimesukwa tayari kwa sherehe. "Nimefuata gauni langu."

"Amelala," akasema fundi lifti.

"Saa hizi? Kwani mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Basi mwamshe, kaka. Sherehe ni jioni hii."

"Simwamshi, dada."

"Hata dakika moja?"

"Hata hiyo. Anafanya kazi na tumbo la vijiko vitatu, na anashona kuliko mafundi wote wa jengo hili. Akichoka analala. Ukitaka kungoja, kuna kiti. Ukitaka kumsema, kasemee nje."

Meneja akaweka mkono kiunoni. "We nani hata unanifukuza? Mumewe?"

"Bado sijajua. Nangoja jibu."

Bonge alikuwa hajalala. Alikuwa kwenye ukingo wa usingizi, pale mtu anaposikia kila neno lakini mwili umeshakataa. Aliyasikia yote. Machozi yakamtoka chini ya kope, yakapita puani, yakaingia kwenye kochi, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Gauni limetundikwa kwenye hanga la mwisho," akasema, macho yamefungwa. "Pindo nimemaliza jana."

Wote wawili wakageuka.

"Na wewe, fundi, jibu ni ndiyo. Mfungie mlango akitoka."

Meneja akaziba mdomo kwa mikono yote miwili ili kigelegele kisimtoke. Fundi lifti akapiga magoti kando ya kochi, akainama kumwambia kitu sikioni, lakini Bonge alikuwa ameshalala.